Wimbo Mwenyeji, Mwimbaji Mgeni: Tafakuri kutoka Baba Dogo

Jina la mtaa wa Baba Dogo, ulioko kaskazini-mashariki mwa jiji la Nairobi, humtatiza kidogo mtu aliyefunzwa sarufi. Ndugu wa kiume wa baba, aliyezaliwa baada yake, huitwa baba mdogo. Na kwa kanuni za upatanisho, kivumishi hicho hakiwezi kupoteza kiambishi chake cha ngeli bila kuhesabiwa kuwa na kosa. Hata hivyo, hakuna anayelisahihisha jina hilo. Limeandikwa hivyo katika vioo vya matatu, juu ya milango ya maduka, na katika orodha ya kata za eneo bunge la Ruaraka.

Mhadhiri mmoja wa fasihi, aliyekulia katika mtaa huo katika miaka ya 1970, ana desturi ya kulitumia jina hilo anapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza upatanisho wa kisarufi. Huliandika ubaoni, huwauliza kosa liko wapi, nao hulitambua mara moja. Kisha huwauliza ni nani alaumiwe kwa kosa hilo, na hapo darasa hunyamaza. Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa mzaha tu wa darasani. Lilikoma kuwa mzaha siku alipoketi katika jopo lililojadili pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa uzamili, naye akanyamaza. Makala haya yanafuatilia chanzo cha unyamavu huo, pamoja na swali la kihakiki lililojificha ndani yake: wimbo uliotungwa na mgeni akiwa ugenini, ukaimbwa kwa lugha inayoeleweka na wenyeji, ukapendwa nao hadi wakausahau ugeni wake, ni mali ya fasihi ya nani?

Ploti walimoishi wazazi wa mhadhiri huyo ilikuwa nyuma ya viwanda. Vyumba vilipangwa safu mbili zilizotazamana, na katikati palikuwa na bomba moja la maji. Wapangaji walitoka katika pembe mbalimbali za Kenya, na kila mlango ulipofungwa usiku, nyuma yake ilizungumzwa lugha nyingine. Penye bomba kilitumika Kiswahili, nacho kilikuwa Kiswahili cha watu waliojifunza ukubwani, kazini na safarini. Chumba cha mwisho kilikaliwa na mwanamume aliyetoka Tanga. Alikuwa mwimbaji. Hakuwa miongoni mwa wale ambao majina yao yamehifadhiwa katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki. Alikuwa sauti ya pili, na wakati mwingine ya tatu, katika bendi iliyobadilisha jina mara kwa mara kadiri wanachama walivyogombana na kupatana.

Watoto wa ploti walimwita baba mdogo. Yeye ndiye aliyewafundisha kuamkia kwa shikamoo, desturi ambayo wengi wao hawakuikuta nyumbani, na aliyesahau alirudishwa mlangoni aingie upya. Aliposema "nimekwisha kula", watoto waliozoea kusema "nimemaliza kukula" waliangaliana. Hakuwahi kuwacheka wala kuwasahihisha moja kwa moja. Aliyarudia maneno yao kwa namna yake, taratibu, kana kwamba anajibu tu. Mhadhiri anakumbuka kwamba ni katika chumba hicho ndipo alipotambua kwa mara ya kwanza kuwa Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya mtu tangu utotoni, wala si lugha ya kuuliza nauli na bei ya unga tu.

Ijumaa jioni mwimbaji alipiga shati pasi ya makaa, akalifunga katika gazeti ili lisipate vumbi njiani, akaondoka kuelekea mjini. Alirudi alfajiri ya Jumapili, akipishana na wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakienda zamu. Malipo yake yalitegemea mapato ya mlangoni. Siku ambazo mvua ilinyesha mjini, mama mwenye kioski alijua kwamba deni la mwimbaji lingeongezeka.

Ili kuelewa kilichomleta mtu wa namna hiyo Baba Dogo, ni budi kukumbuka hali ya muziki katika eneo hili katika miaka hiyo. Nairobi ilikuwa na studio, matawi ya kampuni za kimataifa za kurekodi, kiwanda cha kufyatulia santuri na maduka ya jumla ya River Road. Tanzania Bara ilikuwa na bendi nyingi na bora, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwa ajili ya matangazo, lakini haikuwa na kiwanda cha santuri. Msanii aliyetaka sauti yake iuzwe na kubebwa nyumbani alilazimika kutazama kaskazini. Hivyo ndivyo walivyofanya ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter. Walianza katika Jamhuri Jazz ya Tanga katika miaka ya 1960, wakahamia Arusha mwaka 1970, na mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuanzisha Simba Wanyika jijini Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwemo mpiga gitaa la rithimu Omar Shabani, walijitenga na kuunda Les Wanyika. Walijiunga na John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa tayari nchini Kenya.

Kutoka magharibi kulikuja mkondo wa pili. Kundi lililokuja kujulikana kama Super Mazembe lilitoka Zaire ya wakati huo, likapitia Zambia, na kufika Nairobi mwaka 1974. Mwaka uliofuata alifika Baba Gaston kutoka upande wa Lubumbashi. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliingia mwaka 1977 akitokea Uganda pamoja na kundi lake la Les Kinois, na mwaka 1981 akaanzisha Orchestra Virunga. Mikondo hii miwili haikutiririka bila kuchanganyika. Jina lenyewe la Les Wanyika ni ushahidi: watu wa Tanga wameazima kibainishi cha wingi cha Kifaransa, ambacho wakati huo kilikuwa alama ya fahari ya bendi za Kikongo, wakakibandika mbele ya maneno ya Kiswahili "wa nyika". Kiunganishi cha umilikishi kikageuka kiambishi cha watu. Wageni walikuwa wakiwaiga wageni wengine, mbele ya wenyeji waliodhani yote hayo ni ya Nairobi.

Wahakiki wengi waliolitazama suala hili wameeleza mafanikio ya wageni hao kwa ubora wa gitaa na mpangilio wa sauti. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Kuna sababu ya kijamii ambayo inahusu lugha. Soko la muziki nchini Kenya katika miaka ya 1970 liligawanyika kwa kiasi kikubwa kwa misingi ya lugha za jamii. Benga ya Kijaluo, nyimbo za Kikikuyu na za Kikamba, zote zilikuwa na wanunuzi waaminifu waliotaka kusikia lugha ya mama zao. Msanii mwenyeji alikuwa na uchaguzi: angeweza kuimbia jamii yake, akaishi kwa jamii yake. Mtu wa Tanga au wa Lubumbashi hakuwa na uchaguzi huo. Hapakuwa na kijiji nchini Kenya ambacho kingenunua santuri yake kwa sababu ya undugu. Alilazimika kuimba kwa lugha ambayo haikuwa ya mtu mmoja penye bomba la maji, bali ya wote. Kwa kukosa kabila la kumsikiliza, aliliimbia taifa.

Mfano wa Daniel Owino Misiani unaithibitisha hoja hii kwa kuipinga. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akajenga maisha yake yote ya kisanaa nchini Kenya, na kufariki katika ajali ya barabarani karibu na Kisumu mwaka 2006. Kwa hati za kuzaliwa alikuwa mgeni sawa na akina Kinyonga. Lakini yeye aliimba kwa Kijaluo, na katika lugha hiyo mpaka wa nchi unapita katikati ya jamaa. Nyimbo zake zilimtia matatani na wenye mamlaka zaidi ya mara moja. Hata hivyo, wasikilizaji wake wa kando ya ziwa hawakuwa na haja ya kuuliza ni wa nani. Misiani alivuka mpaka bila kuvuka lugha. Wanyika na Wakongo walivuka vyote viwili, na ndiyo maana walitunga kitu ambacho hakikuwepo awali: wimbo wa Nairobi ambao mtu wa Nyeri, wa Siaya na wa Machakos wangeweza kuuimba pamoja bila yeyote kujiona amealikwa kwa mwenzake.

Ulipotoka mwaka 1979, wimbo wa Les Wanyika uitwao Sina Makosa ulifanya hivyo hasa. Mwimbaji wa chumba cha mwisho alikuwa na santuri yake, na kifaa cha kuipigia ambacho kilihitaji sarafu ya shilingi kuwekwa juu ya mkono wa sindano ili isiruke. Watoto waliusikia mpaka wakaukariri bila kuuelewa. Nafsineni wa wimbo huo ni mwanamume anayemkabili mwenzake mwenye hasira. Anajitetea kwamba hana hatia, na hoja yake kuu ni kwamba yule wanayemgombania si mali ya yeyote kati yao. Kila mmoja ana wake nyumbani, kwa hiyo uadui wao hauna msingi. Kwa upande wa fani, wimbo haumwelezi mwanamke anayehusika. Hana jina, hana umbo, hasemi. Mvutano wote uko baina ya sauti inayojitetea na sikio lisilojibu. Kisha maneno yanakwisha, gitaa la Omar Shabani linaendelea, na msikilizaji haambiwi kama utetezi ulikubaliwa.

Itakuwa kosa kudai kwamba wimbo huo unahusu vibali na mipaka. Unahusu mapenzi na wivu, na hivyo ndivyo ulivyopokelewa na umma. Hata hivyo, mhakiki hawezi kupuuza wakati ambao ulitungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mpaka baina ya Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa; haukufunguliwa hadi mwaka 1983, na mapatano ya kugawana mali za jumuiya hayakutiwa saini hadi mwaka 1984. Wanaume wa Tanga waliokuwa wakiimba jijini Nairobi mwaka 1979 walikuwa wakiimba ng'ambo ya mpaka uliofungwa, katika nchi iliyokuwa ikigombana na nchi yao juu ya ndege na mabehewa. Wimbo juu ya watu wawili wanaochukiana kwa sababu ya kitu ambacho si cha yeyote kati yao uliwafaa wasikilizaji wa pande zote mbili, nao uliwafikia kwa redio, ambayo haikuhitaji kupita forodhani.

Katika ploti, kufungwa kwa mpaka hakukuwa habari ya magazeti tu. Mwimbaji alipata taarifa ya kifo cha mama yake baada ya mazishi kupita. Barua ilikuwa imezunguka kwa mikono ya watu wengi kabla ya kufika. Siku hiyo hakuimba wala hakupiga santuri. Jirani zake wanaume walikaa naye nje hadi usiku, kila mmoja akitoa pole kwa Kiswahili chake, na kwa mara ya kwanza mtoto aliona mtu mzima akisahihishwa: mzee mmoja alisema "pole kwa kukufa kwa mama", na mwimbaji, akiwa ameinamisha kichwa, akarudia kwa sauti ndogo, "kwa kufiwa, mzee wangu, kwa kufiwa". Halafu akamwomba mzee radhi.

Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo hilo halikudumu, lakini lilizua swali ambalo halijapata jibu hadi leo. Wimbo uliotungwa Nairobi, ukarekodiwa Nairobi, ukafyatuliwa katika santuri Nairobi na kununuliwa na watu wa Nairobi, lakini ukaimbwa na Watanzania, ulikuwa upande gani wa hesabu? Kama kigezo ni pasipoti ya mwimbaji, ulikuwa wa kigeni. Kama kigezo ni jasho na makao, ulikuwa wa Kenya kuliko nyimbo nyingi zilizoigizwa na wenyeji kutoka Ulaya. Serikali ilipohitaji jibu kuhusu watu, haikuhangaika na falsafa hiyo. Mwanamuziki wa kigeni alihitaji kibali cha kazi, na kibali kilikuwa na tarehe ya mwisho.

Kibali cha mwimbaji wa chumba cha mwisho kilikwisha muda wake, na juhudi za kukihuisha zikakwama. Asubuhi moja watu wawili waliovaa makoti waliingia katika ploti wakiuliza ni nani aliyeishi katika chumba kile. Wanawake waliokuwa wakifua penye bomba walisema hawajui. Mzee aliyesahihishwa siku ya msiba alisema amehamia karibuni na hawajui jirani zake. Ndipo mmoja wa wale watu alipoinama, akamwuliza mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa upole kabisa, "Yule mtu ni nani wako?" Mtoto, ambaye kila siku alimwita baba mdogo, alijibu kama alivyosikia wakubwa wakijibu. Alisema, "Simjui."

Watu wale waliondoka. Mwimbaji alikuwa ndani, na mlango wa mbao ulikuwa mwembamba. Jioni alitoka, akawasalimu jirani zake kama kawaida. Hakumwambia mtoto neno lolote kuhusu jambo lile, ila mtoto alipomwamkia, ilichukua muda kabla ya marahaba kutoka. Wiki chache baadaye chumba kilikuwa kitupu. Santuri na kifaa chake viliachwa kwa baba wa mtoto, pamoja na ile sarafu ya shilingi. Hakuna aliyejua kama mtu yule alirudi Tanga au alihamia mtaa mwingine. Katika ploti ilikubaliwa kwamba jibu la siku ile lilimwokoa. Mhadhiri, ambaye sasa ana mvi, ameukubali ufafanuzi huo kwa akili yake. Hajaweza kuukubali kikamilifu, kwa sababu anafahamu kwamba alipokuwa akijibu hakuwa akifikiria kumwokoa mtu. Alikuwa akiogopa tu.

Ni miongo zaidi ya minne baadaye ambapo mwanafunzi wa uzamili alileta mbele ya jopo pendekezo la kuchunguza nyimbo za Les Wanyika na Simba Wanyika kama sehemu ya fasihi ya Kiswahili ya Kenya. Mwanafunzi huyo alikuwa amejiandaa vizuri. Lakini hata kabla hajafika katika nadharia, mjumbe mmoja aliuliza kama watunzi hao walikuwa Wakenya. Alipojibu kwamba walikuwa Watanzania, mjumbe aligeukia wenzake akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa hawa ni wetu?" Swali lilizunguka meza. Lilipomfikia mhadhiri aliyekulia Baba Dogo, alisema kwamba hana la kuongeza. Pendekezo lilirudishwa, na mwanafunzi akashauriwa atafute wasanii wa nchini.

Uamuzi wa namna hii una mantiki yake, na haifai kuubeza. Idara hugawanya kozi kwa mujibu wa nchi kwa sababu za kiutendaji. Wapo pia wanaohofia kwamba Kenya, yenye studio na soko, itajimilikisha kazi za watu ambao haikuwapa hata kibali cha kuishi kwa amani. Hofu hiyo ina uzito. Mtanzania ana kila haki ya kusema kwamba lafudhi, mafumbo na adabu ya nyimbo hizo vilitoka Tanga, na kwamba Nairobi ilitoa umeme tu. Hata hivyo, ukarimu wa fasihi andishi unaonyesha kwamba kigezo cha uraia hakifuatwi kwa usawa. Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, imetahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na hakuna mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hailipi kodi. Shaaban Robert amesomwa na vizazi vya Wakenya kana kwamba alizaliwa Mombasa. Kitabu kikivuka mpaka huitwa urithi wa Afrika Mashariki. Mwimbaji akivuka mpaka, akaishi katika mtaa wa viwanda na kudaiwa kioskini, huulizwa hati zake hata baada ya kufa.

Pengine tatizo limo katika swali lenyewe. Kuuliza kama wimbo ni "wetu" au "wao" ni kuuchukulia wimbo kama kiwanja, ambacho hakiwezi kuwa na hati mbili. Istilahi za ukoo zina hekima zaidi katika jambo hili. Baba mdogo si baba wa nyumba. Hakuijenga, na akiondoka haibomoki. Lakini si mgeni pia. Ana haki ya kuamkiwa, kukemea na kuombolezewa, na watoto aliowalea hubeba kitu chake hata kama hawabebi jina lake. Anaweza kuwa baba mdogo katika nyumba hii na wakati huohuo mtoto kamili wa nyumba nyingine, na hakuna anayeona mgongano. Mhakiki anaweza kusema vivyo hivyo kuhusu Simba Wanyika, kwamba ni tawi la muziki wa dansi wa Tanzania, na pia ni sehemu ya fasihi ya Kiswahili ya Kenya, kwa kigezo cha mahali nyimbo zilipotungwa, watu zilizowajibu, na lugha ya pamoja zilizowafunza. Wilson na George hawakusubiri uamuzi huo. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi jijini Nairobi.

Mambo mengine yamebadilika bila idara kuulizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga nayo, kwa hiyo leo mwimbaji kutoka Matadi au Lubumbashi huingia Nairobi kama raia wa jumuiya moja na mwenyeji wake. Samba Mapangala mwenyewe alihamia Marekani katika miaka ya 1990, akawa mgeni kwa mara nyingine, na huko akaendelea kuimba kwa Kiswahili, lugha aliyoijengea jina alipokuwa mgeni wa kwanza. Nao wimbo Kassongo wa Super Mazembe, ulioimbwa na Wakongo na ambao wasikilizaji wengi wa Kenya hawakuwahi kuyaelewa maneno yake yote, uliibuka upya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2024, Wakenya wengi wamelitumia jina hilo kama lakabu ya kumtania Rais William Ruto. Taifa lilipotafuta jina la kumkejeli mkuu wake, lililichukua katika wimbo wa wageni, na hakuna aliyeuliza kama jina hilo lina kibali.

Baada ya kikao cha jopo, mhadhiri alikwenda Baba Dogo. Ploti ya zamani haipo tena. Mahali pake pamejengwa ghorofa. Alipanda matatu ya kurudi mjini saa ya kutoka kazini, ikiwa imejaa vijana waliotoka zamu, na dereva akapiga Sina Makosa. Vijana hao hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotoka. Waliuimba wote, kwa Kiswahili cha Tanga, wakizitamka silabi kama zilivyotamkwa mwaka 1979, nao wakishamaliza waliendelea na mazungumzo yao kwa Sheng. Abiria aliyeketi karibu na mhadhiri alimwuliza kama anawajua waimbaji hao. "Nawajua," alijibu. Kijana akauliza walikuwa watu wa wapi. Mhadhiri akasema walikuwa watu wa Tanga, na kwamba mmoja wa watu wa huko alikuwa baba yake mdogo.

Kesho yake aliandika barua kwa mwenyekiti wa jopo. Ilikuwa fupi. Alieleza kwamba katika kikao alisema hana la kuongeza, na kwamba hilo halikuwa kweli. Aliomba pendekezo la mwanafunzi lirejeshwe mezani, na akajitolea kulisimamia.